Mapito ya Wazee Ndani ya Serengeti

Yako maneno ambayo yakirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa kama kweli, hata kama hayakuzaliwa kweli. Mojawapo ni lile lisemalo kwamba Serengeti ni nyika ambayo haijapata kuguswa na mkono wa mwanadamu. Tunalisikia katika matangazo ya utalii, tunalisoma katika vitabu vya wageni, na siku hizi hata watoto wetu shuleni hulikariri kama wanavyokariri hesabu za kuzidisha. Leo naomba tulipime neno hilo. Wala sitalipima kwa kelele. Nitalipima kwa kitu kidogo ambacho kila mtu wa Mkoa wa Mara anakijua tangu utotoni, nacho ni njia ya miguu.

Njia ya miguu haina mhandisi wala mkandarasi. Mtu mmoja akipita mara moja, nyasi huinuka tena. Wakipita watu na mifugo yao kwa miaka hamsini, ardhi hubonyea, mvua ikinyesha hufuata bonde lile dogo na kulichimba zaidi, na mwishowe unapata mfereji ambao hata kipofu angeweza kuufuata kwa wayo. Njia ya namna hiyo ni ushahidi. Inasema kwamba huku palikuwa na mtu, kule palikuwa na haja, na katikati yake palikuwa na mazoea. Pasipo na watu hapana mazoea, na pasipo na mazoea hapana njia.

Hebu kwanza tuweke nchi yenyewe mbele ya macho. Mto Mara unazaliwa katika misitu ya Mau, nchini Kenya. Unapita mbuga ya Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia Hifadhi ya Serengeti, kisha unatoka na kuelekea magharibi ukizitenga wilaya mbili, hadi kwenye mabwawa ya matete na Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kaskazini ya mto ni Tarime, nchi ya milima yenye ubaridi, ambako Wakuria wanalima ulezi, mahindi, ndizi na kahawa, na kufuga ng'ombe. Kusini ya mto ni Wilaya ya Serengeti, makao yake makuu Mugumu. Huko wako Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye, pamoja na Wakuria na wafugaji wa Kitatoga. Mtu akikuambia kwamba nchi hii haina historia kwa sababu haina magofu ya mawe kama Kilwa, mwambie ateremke kwenye gari.

Akiteremka, ataona nini? Ataona kwanza njia za ng'ombe, pana na zenye vumbi, zinazotoka kwenye maboma kwenda mtoni na kwenye maeneo ya ardhi ya chumvi. Njia hizo hazikwendi hovyo. Mfugaji anajua ni wapi mteremko haumvunji ndama mguu, ni wapi mto una changarawe na si tope, na ni majira gani mbung'o huwa wengi kwenye kichaka gani. Maarifa yote hayo hayakuandikwa katika daftari, bali yaliandikwa ardhini kwa kwato.

Ataona pia njia za akina mama: nyembamba, nyingi, zikienda kisimani, kwenye kuni, shambani, kinuni kwa jirani. Nazo tusizidharau. Mtoto wa kike wa Mara ndiye anayeolewa mbali na kwao. Yeye ndiye anayevuka mto kwenda kwa wakwe, ndiye anayerudi kwa mama yake kujifungua au kuzika. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi na wazee wa mkoa huu kwa utafiti wake, alitoa mwaka 2019 kitabu kizima kuhusu kumbukumbu za wanawake wa Mara. Alionyesha humo kwamba wanaume husimulia habari za koo na mipaka, ilhali wanawake hushika habari za mahusiano yanayovuka mipaka hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, mwanamume anajua nchi inaishia wapi, na mwanamke anajua njia inayotoka.

Kisha ziko njia za wawindaji na za biashara. Waikoma na jirani zao walikuwa wawindaji hodari wa upinde na mshale wenye sumu. Visa vya asili vya makabila haya husimulia juu ya mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, wakajenga nyumba moja, na kutoka nyumba hiyo likatoka kabila. Uwindaji wao haukuwa wa nyama tu. Mikia ya nyumbu ilibebwa kupelekwa Usukuma, ikabadilishwa kwa mifugo. Fikiria, msikilizaji: mtu aliyekuwa hana hata mbuzi aliweza kuingia porini na mshale, akatembea siku kadhaa hadi Usukuma na furushi la mikia, akarudi akiswaga mifugo. Njia hiyo ilikuwa benki yake.

Lakini njia yenye maana kuliko zote ni ile ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Nisemavyo hivyo nina maana ya njia ya kuizunguka nchi. Kwa makabila haya, nchi haikuwa mali ya mtu mmoja wala ya mtemi. Ilikuwa ikikabidhiwa kwa rika, waliloliita rikora. Kwa Wakuria kila mtu huzaliwa ndani ya rika lake, ama upande wa Saai ama upande wa Chuuma, na kila ukoo mkubwa una nchi yake waiitayo ikiaro. Kusini ya mto, rika lililopokea nchi lilikuwa na wajibu wa kuizunguka kwa miguu, wakipita mahali patakatifu pa mizimu ya nchi, wakiweka dawa ya kinga iitwayo orokoba, ili nchi ipoe, watu wazae, mvua inyeshe na adui asipenye. Kwa hiyo mpaka wa nchi haukuwa mstari kwenye karatasi. Ulikuwa safari. Nchi isiyozungukwa ilihesabiwa kuwa mgonjwa asiyetibiwa.

Yuko atakayecheka na kusema huo ni ushirikina wa kale. Huyo nitampeleka Uingereza. Huko, kwa mamia ya miaka kabla ya ramani kuenea, watu wa kila parokia walikuwa na desturi ya kuizunguka mipaka ya parokia yao kwa miguu kila mwaka, majira ya kabla ya sikukuu ya Kupaa, padri akiwa mbele yao. Waliwachukua na wavulana. Walipofika kwenye jiwe la mpaka, mvulana alichapwa fimbo au aligongwa kwenye jiwe lile, ili asilisahau maisha yake yote, na siku ya ugomvi aweze kutoa ushahidi. Ziko parokia zinazoifuata desturi hiyo hata leo. Hakuna anayewaita Waingereza washirikina kwa ajili hiyo. Inaitwa urithi.

Basi kama nchi ilikuwa na njia zote hizo, neno la "pori tupu" lilitoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo.

Kati ya mwaka 1890 na 1892, sotoka iliingia Afrika Mashariki. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliua mifugo kwa wingi usiopata kuonekana, na uliua pia nyati na nyumbu. Nyuma yake ikaja ndui, na nyuma ya ndui ikaja njaa. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na nyika ya Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Victoria, aliandika jinsi alivyowakuta Wamaasai waliobaki mifupa na ngozi. Upande wa magharibi, wazee wameipa njaa ya miaka ile jina ambalo linanigusa kila nilisikiapo: njaa ya miguu. Waliita hivyo kwa sababu watu walitembea. Waliacha mahame yao, wakaenda Usukuma na kwingineko kutafuta chakula, wengine wakiwaacha watoto huko ili waokoke. Baadhi hawakurudi.

Sasa sikiliza kilichofuata. Ng'ombe walipokufa, nyasi hazikuliwa. Watu walipoondoka, hapakuwa na wa kuchoma nyasi kwa wakati wake, wala wa kufyeka vichaka karibu na makazi. Vichaka vikapanda juu ya mashamba na mazizi ya zamani. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakafunga mlango: hata aliyetaka kurudi na ng'ombe hakuweza. Mtaalamu Helge Kjekshus aliueleza mnyororo huu kwa ajili ya Tanganyika nzima katika kitabu chake cha mwaka 1977. Alionyesha kwamba watu wetu walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba ni maafa ya mwisho wa karne ya 19, pamoja na vita na ukoloni, yaliyowanyang'anya utawala huo.

Mzungu alipokuja na ramani yake, na Wajerumani walipojenga ngome yao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, walichokiona kilikuwa nyumba iliyohamwa juzi. Wao wakadhani ni nyumba ambayo haijapata kukaliwa. Waliona majani yaliyoota juu ya kaburi wakasema hapa hapana aliyekufa.

Kosa hilo la macho likageuka kuwa sheria. Kwanza pori la akiba, kisha mwaka 1951 hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya: Ngorongoro ikatengwa, Wamaasai wakatolewa Moru na nyanda za Serengeti, na hifadhi ikapanuliwa kuelekea kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Mwaka huo huo kitabu na sinema ya Bernhard Grzimek kutoka Ujerumani vikaitangaza Serengeti duniani kote, lakini kama nchi ya wanyama. Katika miaka ya 1960 kikaongezwa kipande cha Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, ambako Wakuria walikuwa wakilima na kuchunga, nao wakatolewa. Kutoka hapo, mtu aliyeifuata njia ya babu yake akiwa na upinde hakuitwa tena mwindaji, aliitwa jangili.

Naomba muushike vizuri mwaka ule wa 1951, kwa maana una jambo la ajabu. Mwaka huo huo, huko Uingereza kwenyewe, ilitangazwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo, iitwayo Peak District, chini ya sheria ya mwaka 1949. Hifadhi hiyo ina vijiji, mashamba ya kondoo, kuta za mawe na makanisa, na wakazi wake wamebaki humo hadi leo. Zaidi ya hayo, sheria ile ile iliagiza kwamba njia zote za miguu zilizozoeleka ziandikwe katika ramani rasmi. Halmashauri za parokia zikawatuma watu wao kutembea na kuorodhesha njia moja moja: inaanzia wapi, inapita shamba la nani, inatokea wapi. Njia ikishaingia katika ramani hiyo, hata lodi mwenye ardhi hawezi kuifunga kwa kupenda kwake. Wananchi waliipigania haki hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka 1932 vijana wa viwandani walipanda kwa mamia mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na baadhi yao wakafungwa jela.

Kwa hiyo serikali moja, katika mwaka mmoja, ilikuwa na mizani miwili. Nyumbani kwake ilisema uzuri wa nchi umetokana na kazi ya watu, basi watu wabaki na njia zao ziandikwe. Kwetu ilisema uzuri wa nchi umetokana na kutokuwapo kwa watu, basi watu watoke na njia zao zifutwe. Sisemi hayo ili tumlaumu mkoloni peke yake. Sisi tumejitawala tangu mwaka 1961, na hatukuibadilisha mizani hiyo. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 nayo iliwatoa watu katika maboma yaliyotawanyika ikawakusanya vijijini, na mapito mengine mengi yakafa siku hiyo.

Niliwahi kutembea na mzee mmoja wa upande wa Ikoma, nje ya mpaka wa hifadhi, pamoja na mjukuu wake aliyemaliza shule ya sekondari. Mzee alikuwa akienda mbele na fimbo. Alisimama mahali ambapo mimi niliona nyasi na kichaka cha minyaa, basi.

"Mura," alimwambia mjukuu, "unaona nini hapa?"

"Naona pori, tata," kijana alijibu kwa heshima.

Mzee akapapasa nyasi kwa fimbo, jiwe likalia. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kama sahani. Akatuonyesha minyaa, kwamba haikuota ovyo, ilikuwa imekwenda mviringo, kwa maana ilikuwa ua wa boma. Akatuonyesha mkuyu ambao hawakuukata. Akataja jina la mwenye boma, na jina la baba yake, na mto waliokuwa wakinywesha. Kijana alinyamaza. Ndipo mzee akasema: "Njia hii haianzii hapa. Inatoka kule ndani. Sisi tumebakiwa na mkia wake, kichwa kimo hifadhini."

Maneno hayo si ya mzee mmoja tu. Shetler katika kitabu chake cha mwaka 2007 ameeleza kwamba wazee wa magharibi ya Serengeti hawaanzi historia yao kwa tarehe, wanaianza kwa mahali. Wanataja vilima, mito, mapango na mahame kwa mfuatano, kama mtu anayetembea. Mahali pengi kati ya hapo pamo ndani ya hifadhi. Hame la Nyiberekira, ambalo Waisenye wanalitaja kuwa chimbuko lao, ni mojawapo. Elewa basi shida iliyopo: kama historia imefungwa katika mahali, na mahali pamefungwa kwa sheria, mtoto atasomea wapi? Mzee anaweza kumtajia majina, lakini jina lisilo na mahali ni kama ufunguo usio na kufuli.

Nimesikia watu wakisema hayo ni hadithi za wazee, na sayansi ni jambo jingine. Basi tuisikilize sayansi yenyewe.

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Fiona Marshall walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika Kaunti ya Narok, Kenya, ambayo si mbali na Tarime. Katika nyika ile kuna viwanja vya nyasi laini vyenye umbo la duara, upana wake kama meta 100, ambako wanyama pori hupenda sana kulisha. Walichimba wakakuta kwamba viwanja hivyo ni mazizi ya wafugaji wa kale, wa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Samadi ya mifugo iliirutubisha ardhi, na rutuba hiyo haijaisha hadi leo. Swala anayepigwa picha na mtalii katikati ya uwanja mzuri wa kijani anakula, kwa hakika, katika zizi la mtu.

Jambo la pili linahusu nyumbu wenyewe, ambao safari yao ndiyo fahari yetu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban robo milioni tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni 1. Waliongezekaje? Sababu kubwa ni kwamba sotoka ilitoweka kwao, na ilitoweka kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa kwa miaka mingi. Ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe kwenda kwa nyumbu, ukazuiliwa zizini. Nyumbu walipozidi, walikula nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikaanza kuota tena. Kwa hiyo mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake hadi kwenye chanjo, akasimama juani na fimbo yake, ana sehemu yake katika ule uhamaji wa nyumbu. Lakini hatajwi katika matangazo.

Ndugu wasikilizaji, sipendi nieleweke vibaya. Sisemi kwamba hifadhi ivunjwe, watu warudi Lamai na Moru wakalime. Hifadhi yetu ina kilometa za mraba 14,763, ni mali ya taifa, na vizazi vijavyo vina haki nayo kama sisi. Wala sisemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Njia hizo hizo zilizopitisha mahari zilipitisha pia ng'ombe wa wizi usiku, na watu wa Tarime wanajua machozi yaliyomwagika katika mapigano ya koo kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Ninachosema ni kwamba huwezi kukitunza kitu ambacho umeisahau asili yake.

Tena angalia tunavyoshangaza. Leo mgeni anaweza kulipa fedha akatembezwa kwa miguu katika sehemu za hifadhi, akilindwa na askari mwenye bunduki, naye akarudi kwao akasifu kwamba amekanyaga mahali ambapo hapajakanyagwa. Mjukuu wa aliyeichimba njia hiyo kwa nyayo hana ratiba wala utaratibu wa kuingia kutambika au kuonyeshwa kaburi la babu yake. Mwaka 2010 serikali ilipotangaza nia ya kupitisha barabara kuu kaskazini ya hifadhi, kutoka Mugumu hadi Loliondo, dunia nzima ilipiga kelele. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha ikazuia barabara ya lami isipite hifadhini. Mimi sina ugomvi na hukumu hiyo. Lakini katika kelele zile zote za njia ya magari, sikumsikia mtu aliyeuliza habari za njia za miguu zilizokuwapo upande huo huo kabla ya gari la kwanza kufika.

Majirani wanatutangulia. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Kaunti ya Migori, ziko kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, ziitwazo Thimlich Ohinga. Mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ngorongoro yetu, iliyoorodheshwa mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake, mwaka 2010 iliongezewa sifa ya urithi wa utamaduni. Serengeti iliorodheshwa mwaka 1981 kwa ajili ya maumbile peke yake. Kana kwamba mwamba wa Moru haukupigwa kama ngoma na watu, na kana kwamba ngao zilizochorwa kwenye mawe ya huko zilichorwa na simba.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

La kwanza ni la vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinavipa vijiji nafasi ya kupanga ardhi yao. Wakati wa mpango, wataalamu huja na ramani, wakaonyeshwa shule, malisho na mashamba. Waonyeshwe pia mapito: njia ya mifugo, njia ya maji, njia ya kwenda mahali patakatifu. Kilichoandikwa kinaweza kutetewa, iwe mbele ya mwekezaji, mbele ya mgodi, au mbele ya jirani anayelima hadi katikati ya njia. Pale Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002, mtu akiuliza leo njia fulani ilipita wapi, wa kumjibu ni wazee tu. Na wazee hawangoji.

La pili ni la shule. Mwalimu wa historia wa Mugumu au wa Nyamwaga asianze na Vasco da Gama. Awachukue wanafunzi siku moja, pamoja na mzee na bibi mmoja wa kijiji, wakatembee njia moja hadi mwisho, wakiandika jina la kila kilima na kila kijito, na sababu ya jina hilo. Kalamu na daftari vinatosha. Mwaka mmoja wa kazi hiyo katika shule zote za wilaya mbili utatupa kumbukumbu ambayo hakuna maktaba iliyo nayo.

La tatu ni la wenye hifadhi na wenye vijiji kwa pamoja. Wanajua kukaa meza moja. Vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata Mbiso vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililotokana na Ikoma na Nata. Kama wanaweza kukubaliana juu ya mapato ya wanyama, wanaweza pia kukubaliana juu ya siku chache katika mwaka ambazo wazee, wakiongozana na vijana na askari wa hifadhi, wataingia kwa amani na kuyafikia mahame yao, kuyataja na kuyaandika. Askari wa hifadhi mwenyewe atanufaika. Atajifunza kwa nini kichaka hiki kiko hapa na uwanja ule uko pale, jambo ambalo chuo hakikumfundisha.

Ndugu wasikilizaji, njia haifi kwa kufungwa tu. Njia hufa anapokufa mtu wa mwisho anayejua ilikuwa ikienda wapi. Mpaka wa karatasi unaweza kuchorwa upya na watu wakakaa mezani, lakini mzee akishazikwa na majina yake, hakuna mezani pa kukaa. Kila masika Mara inapojaa, nyasi za Ikorongo na Lamai huinuka zikafunika mifereji ile ya nyayo, na kila masika wanapungua wale wanaoweza kuipapasa kwa fimbo wakasema: hapa ni nyumbani kwa fulani.

Kama unaye mzee wa namna hiyo nyumbani, juma hili usimwachie kiti tu. Mwombe mtoke naye, mwende taratibu, umwache aende mbele.